Kura yangu ya kwanza Georgia 2026: nani anatetea kiti na nani ni mgeni? Nisaidieni

MamaZawadi

Hamjambo wote, poleni na baridi ya mwanzo huu wa 2026. Niko huku kaunti ya Gwinnett, jimbo la Georgia, Marekani, niliapa uraia mwezi wa tisa mwaka jana, na pale nje ya ukumbi kulikuwa na akina mama wameweka meza wanaandikisha watu kura, nikajaza fomu kibendera bado kiko mkononi. Kwa hiyo 2026 ndio mara yangu ya kwanza kupiga kura Georgia na kusema kweli nimechanganyikiwa kabisa. Kenya nilikuwa najua kura ni siku moja, karatasi sita kila moja na rangi yake, unatoka na wino kidoleni basi. Hapa naambiwa kuna ya mwezi wa tano, kuna ya mwezi wa sita, kuna ya Novemba, halafu kuna ingine ya mwezi wa tatu huko kaskazini ambayo sijui kama inanihusu au vipi.

Shemeji yangu ambaye amekaa hapa miaka ishirini anasema nisijisumbue, nikifika kwenye mashine nitafute jina lenye herufi I pembeni, hiyo ni ya yule aliyeko kitini tayari, nibonyeze hilo kila mahali nirudi kazini. Ati zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mume wangu naye anasema kinyume, wote walioko watoke. Mimi nimekaa katikati yao kama chifu.

Ninachotaka kujua, nani hasa anatetea kiti mwaka huu na nani ni mgeni? Gavana Kemp anarudi? Na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni bili ya stima, ya mwezi uliopita nilidhani wamenitumia ya jirani. Kuna mtu yeyote kwenye hizo karatasi anayehusika na stima ama hiyo tumwachie Mungu?

Mzee wa Marietta

Karibu mama, na hongera ya uraia. Nitajibu la kwanza, la stima nawaachia wanaolijua.

Kanuni ya shemeji yako mwaka huu itakwama pale juu kabisa kwa sababu kwenye ugavana hakuna I. Kemp harudi. Katiba ya Georgia inampa gavana mihula miwili mfululizo ya miaka minne minne, yeye alishinda 2018 na 2022, zote mbili dhidi ya Stacey Abrams, kwa hiyo Januari 2027 anafungasha. Sasa hebu fikiria ploti ya nyumba za kupanga, ile ya juu yenye baraza imebaki wazi, wapangaji wote wa chini wanaitaka, na kila anayebeba godoro lake kupanda ngazi anaacha chumba chake kitupu. Ndio Georgia mwaka huu. Burt Jones ni naibu gavana, anataka ugavana. Chris Carr ni mwanasheria mkuu wa jimbo, naye anautaka. Brad Raffensperger ni katibu wa jimbo, naye pia. Wote watatu Warepublikan, wote mchujo mmoja wa Mei 19, na hauwezi kugombea huko juu na kutetea kiti cha zamani kwa pamoja, kwa hiyo viti vitatu vya chini vyote vimebaki bila mwenyewe. Watu wengi hawajaliona hili.

Na hawa watatu si wa kuwachanganya. Raffensperger ndiye Trump alimpigia simu Januari 2021 akamwambia amtafutie kura 11,780, yaani moja zaidi ya zile 11,779 ambazo Biden alimpita nazo hapa, na akakataa. Burt Jones alikuwa upande wa pili wa hadithi hiyohiyo, mmoja wa wale Warepublikan 16 waliotia sahihi kama wajumbe mbadala wa kumpigia kura Trump (mwendesha mashtaka aliliangalia faili lake 2024 akasema hamshtaki). Trump ameshamuunga mkono Jones tangu Agosti mwaka jana. Carr yuko katikati, anajiuza kama mtu wa kazi asiye na makelele, na kwa miaka hii sijui kama hiyo inauzika.

Upande wa Wademokrat kuna Keisha Lance Bottoms aliyekuwa meya wa Atlanta akaacha baada ya muhula mmoja akaenda kufanya kazi White House ya Biden, kuna Michael Thurmond aliyeongoza kaunti ya DeKalb na zamani alikuwa kamishna wa kazi wa jimbo, kuna Jason Esteves aliyekuwa seneta wa jimbo, na kuna kituko cha mwaka, Geoff Duncan. Huyu alikuwa naibu gavana wa REPUBLICAN mpaka Januari 2023, chama chake kikamfukuza, na mwaka jana akahamia kwa Wademokrat na sasa anaomba tiketi yao ya ugavana. Nyinyi wa kutoka Kenya hamtashangaa, hapa wanashangaa. Wademokrat hawajashinda ugavana hapa tangu Roy Barnes alipobwagwa na Sonny Perdue 2002 kwa hiyo wana njaa ya miaka mingi.

Vile viti vitupu nitavipita haraka. Naibu gavana wanagombania Warepublikan wanne walio au waliokuwa maseneta wa jimbo, Greg Dolezal, Steve Gooch, Blake Tillery na John F. Kennedy (ndiyo, hilo ndilo jina lake, ni wakili wa Macon, na ni Mrepublikan, usije ukaliona ukadhani mashine imeharibika), na kwa Wademokrat yupo Josh McLaurin. Katibu wa jimbo wapo Gabriel Sterling, Tim Fleming na Kelvin King upande wa Republican, Dana Barrett na Penny Brown Reynolds upande wa Democrat. Mwanasheria mkuu wanagombania Bill Cowsert na Brian Strickland wa Republican, halafu Tanya Miller na Bob Trammell wa Democrat. Na orodha haijafungwa, wagombea wanalipa ada na kusajiliwa rasmi wiki ya kwanza ya Machi, tarehe 2 hadi 6, kwa hiyo kabla ya hapo anaweza kuingia tajiri yeyote na kutuharibia hesabu.

Ile ya mwezi wa tatu haikuhusu. Ni ya kujaza kiti cha Marjorie Taylor Greene aliyejiuzulu Congress Januari 5, ni huko Rome na Dalton.

Msemakweli404

Mzee umeeleza vizuri ila umemruka mwenye I mkubwa kuliko wote, Jon Ossoff. Yule ndiye anayetetea kiti kweli kweli, useneta wa Washington, na ndiye Mdemokrat pekee kwenye Seneti anayetetea kiti mwaka huu katika jimbo ambalo Trump alishinda 2024. Kila mtu alidhani Kemp atamvaa, Kemp akasema hapana mwezi wa tano mwaka jana, wakabaki wabunge wawili Buddy Carter wa pwani kule Savannah ambaye ni mfamasia, na Mike Collins mwenye biashara ya malori, na Derek Dooley ambaye hajawahi kushika wadhifa wowote, alikuwa kocha wa futiboli ya Kimarekani na baba yake Vince Dooley ni kama mtakatifu kule Athens. Kemp anamsukuma Dooley. Carter na Collins hawatetei viti vyao vya Congress ili wagombee hiki kwa hiyo ploti ya mzee inaendelea hadi huko.

Na hapo ndipo namjibu shemeji. Dada, mwambie hivi: Novemba 2020 seneta David Perdue wa Republican alikuwa na hiyo I pembeni ya jina. Akaongoza, akapata asilimia 49.7. Georgia lazima uvuke nusu. Wakaenda duru ya pili Januari 5, 2021 na Ossoff akampiga. Usiku huohuo seneta mwenzake Kelly Loeffler naye alikuwa na I, ya kupewa na Kemp maana hakuwahi kuchaguliwa, akapigwa na Mdemokrat Raphael Warnock. I mbili ndani ya usiku mmoja zikaenda na maji.

Lakini msijidanganye kwamba I haina nguvu, nguvu yake iko mfukoni. Mwaka 2021 bunge hapa lilipitisha sheria na Kemp akaisaini, inaruhusu gavana, naibu gavana na viongozi wa bunge kuwa na kamati za kuchangisha pesa BILA KIKOMO, hata wakati bunge limekaa. Wagombea wengine kwenye mchujo wana kikomo cha kila mchangiaji. Sasa Jones ni naibu gavana, anayo kamati, akaikopesha dola milioni 10 zake mwenyewe mwaka jana. Carr anagombea naye kiti kilekile lakini mwanasheria mkuu hayumo kwenye orodha ya sheria, kwa hiyo hana. Akaenda mahakamani kulalamika, ikatupwa. Kichekesho ni kwamba ofisi hiyohiyo ya Carr kazi yake ni kuzitetea sheria za jimbo zikishtakiwa. Ossoff naye hayuko masikini, mwaka jana alikuwa anakusanya karibu milioni 10 au zaidi kila miezi mitatu na hana mpinzani wa maana kwenye mchujo, wakati wale watatu wanaparurana wakimalizia pesa zao kwa wao.

Mzee wa Marietta

Sikumruka, nilikuwa nakuja kwake ukanikatiza 😄 Ila hapo kwa pesa nakubali nusu. 2022 huyo David Perdue alirudi kumpinga Kemp kwenye mchujo akiwa na Trump mgongoni na alipata kipigo cha mbwa mwizi, Kemp alipita na zaidi ya asilimia 70. Raffensperger mwaka huohuo kila mtu alishamzika, akavuka nusu bila hata duru ya pili. Hiyo ilikuwa I na uzoefu, watu walikuwa wanawajua. Sasa mwaka huu Raffensperger anaenda bila I, kwa kiti kingine, na hasira za wale wasiomsamehe ziko palepale. Hapo ndipo nitaangalia.

Na kuna jambo la katibu wa jimbo ambalo sisi tuliotoka Afrika mashariki tunapaswa kulitolea macho. Huyu ndiye anayesimamia uchaguzi wa jimbo zima. 2018 Kemp alikuwa katibu wa jimbo NA mgombea wa ugavana kwa wakati mmoja, akashinda kwa asilimia 50.2, na ofisi yake ilikuwa imeshikilia maombi ya kuandikishwa kura zaidi ya 50,000, mengi ya watu weusi, kwa sababu ya mambo ya jina kutofanana na leseni. Sasa 2026 katibu ni mgombea tena. Kwetu mwenyekiti wa tume akitangaza anagombea nchi ingewaka moto, hapa wanasema ni kawaida.

binti_kigoma

Dada MamaZawadi shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo 😂 Mimi niko Clarkston, nimepiga kura hapa mara tatu sasa, na naona hawa wakubwa wamekueleza majina tu hawajakueleza namna. Ngoja nikwambie kilichonikuta mimi ili usiaibike kama mimi.

Georgia hakuna kujiandikisha chamani. Mei 19 ukifika wanakuuliza unataka karatasi ya nani, ya Democrat au ya Republican au ile isiyo na chama. Mimi mara ya kwanza nilisema zote, yule bibi akacheka mpaka akavua miwani. Unachagua MOJA. Na ukichagua moja imeandikwa, kwa hiyo Juni 16 kukiwa na duru ya pili hauwezi kuhamia upande mwingine. Ukichukua ya Democrat Mei, Juni ni ya Democrat tu. Ila kama Mei haukupiga kabisa, Juni unaweza kuchagua upande wowote, ajabu kweli. Kwa hiyo fikiria kabla, maana kama moyo wako uko kwenye nani awe gavana wa Republican basi ndio karatasi utakayochukua hata kama Novemba utampigia mwingine, hakuna anayekukataza. Novemba 3 unarudi huru, majina yote yako pamoja. Na Novemba nayo asipopatikana mwenye zaidi ya nusu mnarudi tena wiki nne baadaye, Desemba 1. Zamani kwa viti vya kitaifa ilikuwa wiki tisa, sheria nyingine ya 2021, ya uchaguzi, ikakata, ndio ileile iliyokataza kugawa maji na chakula kwa watu waliopanga foleni.

Majaji! Hilo wengi hawalijui. Majaji wa jimbo hadi mahakama ya juu wanachaguliwa Mei, si Novemba, na wako kwenye karatasi zote tatu. Hapo ndipo hiyo I ya shemeji inapofanya kazi yake kubwa, kwa sababu hakuna chama pembeni, hakuna bango, watu hawamjui yeyote, wanaona I wanabonyeza. Jaji wa juu anakaa miaka sita hivyo. Wengi wao kwanza waliteuliwa na gavana katikati ya muhula, ikifika kura wana I tayari, na ni nadra mno kumwona mmoja akiangushwa. Mie sasa natafuta jina la kila jaji wiki moja kabla, inachukua jioni moja tu.

La mwisho na ndio muhimu, wewe ni raia mpya. Leseni yako ya kuendesha uliichukua ukiwa na green card, sivyo? Basi kwenye mfumo wa leseni bado unasomeka si raia, na ofisi ya kura inalinganisha na hapo. Mimi nilifika kituoni nikaambiwa jina langu lina alama, subiri pembeni, moyo ukaenda mbio nikadhani narudishwa. Ikabidi nirudi nyumbani kuleta pasipoti. Ingia kwenye My Voter Page ya katibu wa jimbo uangalie kama jina lako lipo na halina alama, halafu chukua cheti cha uraia uende ofisi ya leseni wabadilishe kabisa. Usingoje Aprili. Mwisho wa kujiandikisha kwa mchujo ni Aprili 20, kupiga mapema kunaanza Aprili 27, na mapema ndio raha, hakuna foleni.

Kevo_Decatur

Samahani nidandie, mimi nina green card tu, nilipokuwa nachukua leseni karani aliniuliza kama nataka kujiandikisha kura na sikumbuki nilijibu nini. Inaweza kuwa shida?

binti_kigoma

@Kevo_Decatur kaka usicheze kabisa. Kama si raia usijiandikishe na usipige, hata ya diwani hapa Georgia hairuhusiwi, na kwa zile za kitaifa ni kosa la jinai linaloweza kukufukuzisha nchi na kukuharibia uraia huko mbele. Ingia leo hiihii uangalie jina lako halipo. Ukikuta lipo usianze kupiga simu ovyo ovyo, tafuta wakili wa uhamiaji KWANZA ndipo uandike lolote kwa ofisi ya kura.

Kevo_Decatur

Nimeangalia, halipo. Asante dada, nimepumua.

Fundi_Waya

Habari za mchana wakuu, mimi ni fundi umeme, Douglasville. Naja kwenye swali la bili ambalo wote mmelikimbia.

Mama, jibu ni ndiyo, wapo, wanaitwa tume ya huduma za umma, PSC. Watu watano, miaka sita sita, kila mmoja lazima aishi kwenye kanda yake lakini anapigiwa kura na jimbo zima. Hao ndio wanaokaa na Georgia Power na kuamua bei na mitambo. Kwa miaka ya nyuma hakuna mtu aliyewajua, hata mimi ninayeshinda juu ya dari za watu nikivuta waya sikuwajua. Kisha ukaja mtambo wa nyuklia wa Vogtle kule Waynesboro, mashine ya tatu ikawashwa 2023 na ya nne 2024, imechelewa miaka saba, gharama ikapita dola bilioni 30 wakati mwanzoni walikuwa wanaongelea kama 14, na tume ikaruhusu sehemu kubwa iingie kwenye bili za watu.

Na kumbuka hakukuwa na kura ya tume kabisa 2022 wala 2024, kesi ilikuwa mahakamani kuhusu huo utaratibu wa jimbo zima kumpigia mtu wa kanda moja. Walioko wakakaa tu kwenye viti muda wao umeisha. Ndipo Novemba 2025 ikafanyika, Warepublikan wawili wenye I, Tim Echols na Fitz Johnson, na wote wawili wakaanguka, Alicia Johnson na Peter Hubbard wa Democrat wakapata zaidi ya asilimia 60. SITINI. Kwenye jimbo hili. Tangu 2006 Wademokrat walikuwa hawajashinda kiti chochote cha ngazi ya jimbo zima, ukiacha vile vya Washington, wakakipata kwa umeme! Kwa hiyo mume wako ana hoja zaidi ya shemeji yako, angalau kwenye hili.

Ila ona ujanja. Hubbard amepewa mwaka mmoja tu, kiti chake kinarudi kupigiwa kura mwaka huu, sasa yeye ndiye mwenye I. Kiti cha Tricia Pridemore nacho kinaamuliwa 2026. Warepublikan wamebaki 3 kwa 2, hivyo Wademokrat wakishika cha Hubbard na kuchukua hicho kingine, tume inageuka. Na kabla hao wapya hawajaapishwa, mwezi wa kumi na mbili uliopita tume ya zamani ikaipitishia Georgia Power karibu megawati 10,000 za umeme mpya, sehemu kubwa ni kwa ajili ya vituo vya data. Wanasema bei ya msingi imegandishwa hadi 2028, sawa, lakini gharama za dhoruba kama Helene haziko ndani ya huo mgando. Atakayelipia mitambo hiyo kama vituo vya data visipokuja vyote ndio swali ambalo ningemuuliza kila mgombea wa tume, Mrepublikan na Mdemokrat, na nisingemwachia aniambie "tutaangalia".

Sasa kabla haujapandisha presha mama, chukua bili yako uangalie juu pale imeandikwa nani. Gwinnett nyumba nyingi haziko Georgia Power, ziko kwenye vyama vya ushirika, vile vinaitwa EMC, viko 41 jimboni. PSC haiwapangii bei hao.

Msemakweli404

Fundi nimejifunza kitu, miaka 11 Georgia na sikujua la EMC.

Ila hiyo 60 tusiishangilie sana. Novemba 2025 haikuwa na rais wala gavana kwenye karatasi, waliotoka kupiga ni wachache na wengi walitoka Atlanta ambako kulikuwa na umeya. Novemba 2026 Warepublikan wa vijijini watatoka wote kwa sababu ya ugavana na Ossoff. Ukitoa hesabu ya hapo unajidanganya.

Fundi_Waya

Sikatai, mkuu. Ila nakuambia ninachosikia nikiwa juu ya ngazi. Nilikuwa na kazi Carroll, kaunti nyekundu kama damu, yaani ya Republican, mwenye nyumba ana bango la Trump kwenye gari na ananiambia kwenye tume alipiga Democrat na hajuti. Bili haiulizi chama.

Mzee wa Marietta

Niongezee kitu kimoja kuhusu I, maana kuna aina mbili na shemeji anazichanganya. Kuna ya kuchaguliwa na ya kupewa. John King, kamishna wa bima wa jimbo, aliteuliwa na Kemp 2019, baadaye ndipo akachaguliwa 2022. Kamishna wa kazi Bárbara Rivera Holmes ameteuliwa na Kemp mwaka jana baada ya Bruce Thompson kufariki, hajapigiwa kura hata moja ya kiti hicho lakini akigombea ataandikwa I kama mtu aliyekaa miaka nane. Sisemi ni wabaya. Nasema herufi haikwambii ameipataje. Halafu usisahau bunge la jimbo, wawakilishi 180 na maseneta 56, wote muhula ni miaka miwili kwa hiyo wote wako kwenye karatasi, na wengi hawana hata mpinzani, I na jina moja tu limekaa peke yake kama mti jangwani.

MamaZawadi

Jamani nimerudi, nimetoka shifti ya usiku nikasoma yote mara mbili. Mungu awabariki.

Nimefanya kama binti_kigoma alivyosema (na shikamoo nimeipokea, marahaba 😄). Jina langu lipo, halina alama, lakini leseni bado ni ile ya green card kwa hiyo Ijumaa naenda na cheti. Mei bado sijaamua karatasi gani, nimeanza kuegemea ya Republican kwa sababu pale ndipo kuna Jones na Raffensperger na mtu hawezi kuwa upande wa wote wawili, halafu Novemba nitaona. Shemeji nimemsomea ile ya Perdue 49.7, amenyamaza, halafu akasema "lakini Kemp 2022 je?" Kwa hiyo tuko palepale.

Sasa la bili. Nimeitoa kwenye droo. Ni EMC. Miezi yote hii nimekuwa nikilaani watu watano ambao hata hawanipangii bei! Mume wangu amecheka mpaka mtoto akaamka. Kwa hiyo Fundi, hao wa ushirika wangu wanachaguliwa na nani? Nao wana I?

Fundi_Waya

Unawachagua wewe, mama. Ukiwa mteja wewe ni mwanachama, kuna bodi ya wakurugenzi na kuna mkutano wa mwaka wa wanachama ambapo kura inapigwa, tarehe ipo kwenye kile kikaratasi kinachokuja na bili ambacho sote tunakitupa. Na hapo ndipo utaona I za ukweli, kuna watu wamekaa kwenye bodi hizo tangu watoto wao wako shule ya msingi, sasa ni mababu. Kwenye tume bado utapiga kura kama kawaida kwa sababu ni ya jimbo zima.

Uende mapema lakini. Baadhi ya hivyo vyama vinagawa ndoo na balbu kwa wanaohudhuria na parking inajaa.

MamaZawadi

Ndoo?

Fundi_Waya

Ndoo ya plastiki, mpya, ina nembo yao. Mimi ninazo mbili.